Kusoma kinga ya mionzi na teknolojia ya nyuklia mtandaoni: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Fizikia ya mionzi, hesabu za dozi (kiasi cha mionzi ambacho mwili unapokea), kanuni za usalama, namna kinu cha nyuklia kinavyozalisha joto: haya yote mtu anaweza kuyasoma kwenye kompyuta yake usiku baada ya kazi na akayaelewa barabara. Kushika kipima mionzi, kusaka uchafuzi wa mionzi juu ya meza ya maabara au kuvua mavazi ya kinga bila kujichafua hakujifunzwi kwenye skrini. Wengi hulikumbuka hilo wakati ada ya miaka miwili imeshalipwa na mwajiri anauliza, "Umewahi kufanya kazi na chanzo halisi cha mionzi?" Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho wa safari, yaani kazi na leseni, ndipo unarudi kwenye kozi.

Hatua ya 1: Amua kazi unayoitaka

Jina "nyuklia" limebeba kazi nyingi zisizofanana. Fundi wa kinga ya mionzi hupima maeneo, hufuatilia dozi za wafanyakazi na huidhinisha nani aingie wapi na kwa muda gani. Afisa kinga ya mionzi husimamia utekelezaji wa kanuni katika hospitali, kiwanda, mgodi au chuo chenye vyanzo vya mionzi. Mwendesha mtambo na fundi wa matengenezo hufanya kazi ndani ya kituo cha umeme wa nyuklia. Wapo pia wakaguzi wa mamlaka ya udhibiti na wapiga picha za viwandani wanaokagua viungo vya mabomba kwa mionzi ya chanzo cha iridiamu-192.

Ukitaka kuwa mwanafizikia tiba, yule anayepanga dozi za wagonjwa wa saratani, jua mapema kwamba njia yako ni nyingine: shahada ya uzamili na mafunzo ya kliniki yanayosimamiwa hospitalini. Cheti cha mtandaoni cha kinga ya mionzi kitakusaidia kama nyongeza tu.

Usidhani kazi zote ziko kwenye vinu vya umeme. Nchi isiyo na kinu hata kimoja bado ina mashine za eksirei, idara za tiba kwa mionzi, geji (vipimio) za sesiamu-137 viwandani na vifaa vya ukaguzi mipakani. Kila kimoja kinahitaji mtu anayejua kinga.

Hatua ya 2: Muulize mdhibiti kabla hujauliza chuo

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), lililoanzishwa mwaka 1957 na lenye makao yake Vienna, hutoa viwango vya msingi vya usalama ambavyo nchi nyingi hujengea sheria zao. Kinachotumika sasa kinaitwa GSR Part 3, kilichotoka mwaka 2014, na mtu yeyote anaweza kukipakua bure. Lakini anayeamua nani atambuliwe kuwa afisa kinga ya mionzi ni mamlaka ya nchi utakayofanyia kazi.

Andikia mamlaka hiyo barua fupi. Uliza kiwango cha elimu kinachotakiwa kwa kazi uliyoitaja, kama cheti kilichopatikana mtandaoni kutoka nje kinakubalika, ni saa au miezi mingapi ya mazoezi yanayosimamiwa inahitajika, na kama kuna mtihani wao wenyewe. Jibu la maandishi lihifadhi. Likikuambia kwamba wanataka kozi ya ana kwa ana ya wiki chache, huenda umeokoa fedha za shahada nzima ambayo hukuihitaji.

Hatua ya 3: Noa hesabu na fizikia

Hapa ndipo wanafunzi wa mtandaoni huachia njiani, maana hakuna mwalimu anayeuona uso wako ukipotea. Unahitaji aljebra imara, vipeo, logariti, na ubadilishaji wa vizio usiokutoa jasho. Kalkulasi itahitajika ukienda shahada. Kwa ngazi ya ufundi mara nyingi aljebra inatosha. Kwenye fizikia rudia muundo wa atomi, nishati na mawimbi.

Jaribio hili litakufundisha nusu-uhai, yaani muda wa chanzo kupungua nusu, kuliko kurasa kumi za maelezo. Chukua dadu 60, zirushe zote, ondoa kila iliyoonyesha sita, hesabu zilizobaki, rudia. Chora grafu. Utaona idadi inapungua nusu takriban kila baada ya mirusho 3.8, na utaona pia kwamba haishuki kwa utaratibu: mara zinatoka dadu 14, mara 6. Huna njia ya kujua dadu ipi itaondoka, ila kundi zima unalitabiri vizuri. Ndivyo kiini cha atomi kisicho imara kinavyooza. Teknesiamu-99m ya hospitalini hupungua nusu kwa saa 6, iodini-131 kwa siku 8, kobalti-60 kwa miaka 5.27, sesiamu-137 kwa miaka 30 hivi.

Yale mayumbo ya grafu yana somo jingine. Kipima kikihesabu mipigo 100, shaka yake ni kama mzizi wa 100, yaani 10, sawa na asilimia 10. Kikihesabu 10,000, shaka ni 100, asilimia 1. Ukilielewa hili utajua kwa nini sampuli hafifu huachwa kwenye kifaa kwa muda mrefu.

Jambo dogo linalowasumbua watu sana: kozi nyingi za Marekani bado hutumia rem na curie, wakati sehemu kubwa ya dunia inatumia siverti (kizio cha dozi) na bekereli (kizio cha kasi ya uozo wa chanzo). Siverti 1 ni rem 100. Curie 1 ni gigabekereli 37. Vizoee vizio vyote viwili mpaka uvibadilishe kichwani, kwa sababu kosa la sifuri moja kwenye fomu ya dozi ni kosa la mara kumi.

Hatua ya 4: Onja vya bure kwanza

Kabla ya kulipa, jipime kwa miezi michache. IAEA ina jukwaa lake la mafunzo mtandaoni lenye kozi nyingi za bure za kinga, usalama wa taka na maandalizi ya dharura, pamoja na mafunzo maalumu ya kinga kwa wagonjwa yanayowafaa wahudumu wa afya. Chuo cha MIT cha Marekani kimeweka wazi somo lake la 22.01 linaloanzisha uhandisi wa nyuklia na mionzi ayonisha (ile inayong'oa elektroni kwenye atomi), likiwa na video za mihadhara ya mwaka 2016 na maswali yake. Halitoi cheti, lakini ni somo zito na mwalimu wake anafundisha kwa moyo. Maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado yanaonyesha uozo wa alfa na beta, aina mbili za mionzi, kwa namna ambayo hata asiyejua hesabu ataufuata. Ukijua kuandika programu, Geant4 na OpenMC, programu za kuiga safari ya mionzi kwenye kompyuta, ni za bure na ndizo wanazotumia watafiti.

Pakua pia mtaala wa IAEA wa kozi yake ya uzamili ya kinga ya mionzi. Utumie kama kipimo: kozi yoyote unayofikiria kuilipia, weka orodha ya mada zake kando ya mtaala huo uone kinachokosekana. Mara nyingi kinachokosekana ni vipimo vya mionzi iliyoingia mwilini, usafirishaji wa vyanzo, na maandalizi ya dharura.

Hatua ya 5: Chagua chuo

Ithibati ndiyo swali la kwanza, na jibu lake halitafutwi kwenye tovuti ya chuo. Nenda kwenye orodha ya chombo chenyewe kinachotoa ithibati, tafuta jina la programu, si jina la chuo pekee. Kwa Marekani, programu za teknolojia ya uhandisi hupewa ithibati na ABET. Excelsior University na Thomas Edison State University zimejulikana kwa shahada za teknolojia ya nyuklia zinazosomwa kwa mbali, na wanafunzi wao wengi wametoka jeshi la majini, ambako tayari waliendesha vinu vya manowari. Bismarck State College ina njia ya ngazi ya chini ya shahada kwa wanaolenga vituo vya umeme. Oregon State University imefundisha shahada ya uzamili ya fizikia ya afya (jina jingine la taaluma ya kinga ya mionzi) mtandaoni kwa muda mrefu. Nimezitaja kama mifano ya sura ambayo programu nzuri huwa nayo. Orodha hubadilika, na nchi nyingine zina vyuo vyao.

Kabla ya kujiandikisha pata majibu ya wazi kuhusu haya:

- Maabara hufanyikaje? Kambi ya wiki moja chuoni, makubaliano na taasisi iliyo karibu nawe, data halisi zilizorekodiwa, au hakuna kabisa?
- Raia wa nchi yako anaruhusiwa masomo yote? Sheria za usafirishaji wa teknolojia huzuia baadhi ya maudhui na programu za kompyuta. MCNP, programu ya kuiga mionzi ya maabara ya Los Alamos ya Marekani, kwa mfano, haitolewi mpaka uombe leseni na kukaguliwa.
- Mitihani husimamiwaje, na je, intaneti yako inaweza kubeba usimamizi wa kamera kwa saa tatu?
- Krediti zako za zamani na uzoefu wa kazi vinahesabiwa?
- Nani anafundisha? Tafuta wahadhiri waliowahi kufanya kazi uwanjani. Swali moja kwao kuhusu siku yao ya kawaida kazini litakuonyesha mengi.

Chuo kinachokuahidi cheti cha "afisa usalama wa mionzi wa kimataifa" kwa siku mbili, bila mtihani unaosimamiwa, kiache. Hakuna leseni ya kimataifa ya kazi hii, na wakaguzi wanavijua vyeti vya namna hiyo.

Kwa wanawake wanaolenga shahada ya uzamili katika fani za nyuklia, IAEA ilianzisha mwaka 2020 ufadhili uliopewa jina la Marie Skłodowska-Curie. Fuatilia tangazo lake kila mwaka na uanze kukusanya barua za mapendekezo mapema.

Hatua ya 6: Tafuta mahali pa mazoezi

Hatua hii ifanye sambamba na maombi ya chuo, wala usisubiri mwaka wa mwisho. Idara za eksirei na tiba kwa mionzi, maabara za vyuo vikuu, kampuni za ukaguzi wa viwandani na mamlaka ya udhibiti yenyewe hupokea wanagenzi, ila taratibu za vibali vya kuingia maeneo ya udhibiti huchukua muda. Viwango vya IAEA havimruhusu aliye chini ya miaka 16 kufanya kazi inayomweka kwenye mionzi, na mwenye miaka 16 hadi 18 huruhusiwa kwa mafunzo tu, akiwa na kikomo cha 6 mSv (milisiverti) kwa mwaka.

Ukipata nafasi, omba upewe kazi ya kupima uchafuzi tangu mwanzo hadi kuandika ripoti. Inaonekana rahisi. Kwanza tazama kibandiko cha urekebishaji kwenye kipima: tarehe imepita? Angalia betri. Kisha soma mionzi ya asili ya mahali hapo, mbali na chanzo. Kipima cha Geiger-Müller kizima hakisomi sifuri, kwa sababu dunia yenyewe ina mionzi. Sifuri ina maana betri imekufa, waya umekatika, au, kwa baadhi ya vipima vya zamani, uwanja wa mionzi ni mkali kiasi kwamba kifaa kimezidiwa na kunyamaza. Hofu ya kweli ya fundi mzuri ni sifuri. Baada ya hapo kijaribu kipima kwa chanzo kidogo cha majaribio uone kama kinasoma kilichotarajiwa.

Sasa washa sauti, shusha kigunduzi kiwe kama sentimita 1 juu ya meza bila kuigusa, na usogeze polepole, sentimita chache tu kwa sekunde. Mgeni hukimbiza mkono, na tone dogo linapitwa kabla kifaa hakijapata muda wa kulihesabu. Sikiliza kwa sikio kabla ya kutazama mshale, kwani mlio hubadilika mapema. Ukisikia mabadiliko, simama, rudi nyuma, subiri. Ukishapata mahali penyewe, futa eneo la sentimita za mraba 100 kwa karatasi ya kichujio na uipime pembeni: kama karatasi imebeba uchafu, basi uchafu huo unahama, na unaweza kushikwa na glavu, kiatu, mpini wa mlango. Uchafu uliokwama mezani na uchafu unaohama hushughulikiwa tofauti, na ripoti yako lazima ivitenganishe.

Ukiyafanya haya mara kadhaa chini ya jicho la mtu mzoefu, somo la vigunduzi ulilolisoma mtandaoni litaanza kukaa. Andika kila zoezi kwenye daftari: tarehe, kifaa, chanzo, ulichofanya, na sahihi ya msimamizi. Daftari hilo ndilo utakalomwonyesha mdhibiti.

Hatua ya 7: Soma kwa kupiga hesabu

Video za mihadhara hudanganya, maana unatazama, unatikisa kichwa, unaamini umeelewa. Tenga angalau nusu ya muda wako kwa maswali. Mfano mmoja wa aina utakayokutana nayo kila wiki:

Chanzo cha sesiamu-137 kinatoa 800 µSv (mikrosiverti) kwa saa katika umbali wa mita 1. Kazi inachukua dakika 30 hapo. Dozi ni 400 µSv. Rudi nyuma hadi mita 2 kwa kutumia koleo refu: umbali umeongezeka mara mbili, kasi ya dozi inashuka mara nne, inakuwa 200 µSv kwa saa, na nusu saa inakupa 100 µSv. Weka ngao ya risasi (ile metali nzito) ya milimita 13. Kwa sesiamu-137, kila milimita 6.5 hivi hukata nusu, kwa hiyo tabaka mbili zinabakiza robo: 25 µSv. Fanya mazoezi ya kazi hiyo kwa chanzo bandia mpaka uimalize kwa dakika 12: 10 µSv. Kutoka 400 hadi 10, bila kifaa chochote cha ajabu.

Halafu jiulize hesabu hiyo inavunjika wapi. Kanuni ya mraba wa umbali ni ya chanzo kidogo kama nukta. Bomba refu lililochafuka halifuati kanuni hiyo ukiwa karibu nalo. Ngao nene huruhusu mionzi iliyotawanyika ipite, hivyo dozi halisi huzidi kidogo ile ya hesabu ya nusu-nusu. Na risasi si jibu la kila kitu: kwa beta kali kama za fosforasi-32, ngao ya kwanza ni plastiki, kwa sababu beta zikigonga metali nzito huzaa eksirei. Nyutroni huhitaji maji au plastiki yenye haidrojeni nyingi. Alfa husimamishwa na karatasi, lakini ikimezwa au kuvutwa kwa pumzi ndiyo mbaya kuliko zote. Mwanafunzi anayejua mipaka ya fomula anafaa kazini. Aliyekariri fomula anaweza kumuumiza mtu.

Vikomo vya dozi vijue kwa moyo pamoja na sababu zake. Mapendekezo ya ICRP, tume ya kimataifa iliyoanza mwaka 1928, ni wastani wa 20 mSv kwa mwaka kwa mfanyakazi katika kipindi cha miaka 5, bila kuvuka 50 mSv katika mwaka wowote, na 1 mSv kwa mwaka kwa umma. Marekani bado inatumia 50 mSv kwa mwaka kwa wafanyakazi. Mionzi ya asili pekee humpa mtu wastani wa takriban 2.4 hadi 3 mSv kwa mwaka. Kikomo si lengo: hesabu ya hapo juu isingekuwa na haja kama kazi yetu ingekuwa kubaki chini ya kikomo tu.

Tenga muda pia wa kusoma ajali. Ripoti ya IAEA kuhusu Goiânia, Brazil, isome yote. Mwezi Septemba 1987 chanzo cha sesiamu-137 kiliachwa katika jengo la kliniki iliyohama, watu wakakichukua kama chuma chakavu, wakakifungua, na unga wake uliong'aa rangi ya buluu gizani ukagawanywa kwa ndugu na majirani. Watu 4 walikufa, 249 walikutwa na uchafuzi, zaidi ya 112,000 walipimwa. Isome ukiwa na kalamu na kila ukurasa ujiulize ni karatasi ipi, simu ipi au kufuli lipi lingeizuia. Hakuna hata mmoja katika nyumba zile aliyekuwa na namna ya kujua. Mtu aliyepaswa kujua kwa niaba yao ni yule mwenye kazi unayoisomea.

Hatua ya 8: Mitihani ya kitaaluma na rekodi yako ya dozi

Baada ya chuo, zipo sajili zinazopima umahiri. Marekani mafundi hufanya mtihani wa NRRPT, sajili ya mafundi wa kinga ya mionzi, na wanafizikia wa afya hufanya ule wa American Board of Health Physics wenye sehemu mbili, ambapo sehemu ya kwanza inaweza kufanywa mapema na ya pili hudai miaka ya uzoefu. Uingereza washauri wa kinga ya mionzi hutambuliwa kupitia RPA 2000. Hata kama hutafanya kazi huko, miongozo ya mitihani hiyo inafaa kama orodha ya kujikagua.

Kuanzia siku ya kwanza ya mazoezi utapewa dosimeta, kifaa kidogo kinachorekodi dozi yako. Ivae mahali ulipoelekezwa, kwa kawaida kifuani. Usiiache mfukoni mwa koti lililoning'inizwa kwenye chumba cha mashine, kwani itarekodi dozi ambayo hukuipata na utaulizwa. Kila unapohama taasisi omba nakala ya rekodi yako ya dozi kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho. Mwajiri mpya ataihitaji ili kujumlisha ya miaka iliyotangulia, na kuitafuta baada ya taasisi kubadilisha mfumo wake au kufungwa ni kazi kubwa.